Pua Mbili, Chupa Moja ya Bordo

Ilianza Jumatatu ya pili ya Desemba, saa nne kasoro robo asubuhi. Saa naijua kwa sababu simu ya dada Kandida ilikuwa mezani, kubwa, ya kioo kitupu, na mimi nilikuwa naitazama simu badala ya kumtazama Bibi. Bibi alitukalisha upande mmoja wa meza, akatunusa mikono kama askari anayekagua mizigo, kisha akanituma nikanawe tena kwa majivu kwa sababu alfajiri nilikuwa nimeanika usipa, dagaa wa ziwa letu. Kandida hakutumwa. Kandida ametoka Mbinga mjini. Yeye usipa anakutana nao kwenye sahani. Niliporudi na mikono inayowasha, Bibi akasema, "Haya. Kazi imeanza."

Bibi yetu anaitwa Osmunda, lakini hapa Lituhi wote wanamwita Bibi Divai. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mwonjaji wa divai, kwanza kiwandani Dodoma, baadaye kwenye hoteli moja kubwa Dar es Salaam, na alipostaafu akarudi ziwani kwao. Watu wa hapa wakisikia mwonjaji wanadhani ni mlevi aliyepewa mshahara. Bibi halewi. Sijawahi kumwona hata amechangamka kidogo kwenye arusi.

Sababu ya kutukalisha ni simu iliyopigwa kutoka Dodoma. Mama mmoja aliyekuwa msaidizi wa Bibi zamani sasa ni Mkuu wa Mafunzo huko kiwandani, na alikuwa anatafuta vijana waliomaliza kidato cha nne wajifunze kazi ya maabara na kuonja. Alimwambia Bibi, "Mama, nitumie mjukuu mmoja. Mmoja tu, mwenye pua." Mimi na Kandida wote tumemaliza mtihani Novemba, wote tunasubiri matokeo. Kandida ana miaka kumi na tisa, alirudia darasa, jambo ambalo wengine wamelisahau na mimi sijalisahau. Mimi nina kumi na saba na nusu.

Niseme wazi niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Mimi ni mtu wa aibu. Shuleni mwalimu akinisimamisha nijibu swali, jibu linakuwepo kichwani na mdomo unafungwa. Nilipofikiria kazi zote ambazo watu wanafanya, ualimu, uuguzi, duka, niliona zote zinataka kuongea. Kisha nikamfikiria Bibi ameshika glasi, amefumba macho, kimya. Nikasema moyoni, hii sasa ni kazi yangu. Kukaa kimya na kunusa.

Bibi alinipa na kazi ya pili, kuandika habari za kazi yake wakati anatufundisha, ili siku moja vijana wajue divai ilionjwaje. Alisema hati yangu inasomeka, ya Kandida ni kama kuku amepita kwenye majivu. Niliifurahia sifa ile siku nzima. Kesho yake ndipo nikagundua kwamba anayeandika ameinama, na aliyeinama hatazamwi.

Basi naandika alivyosema.

Siku yake ya kwanza kazini, Bibi alipelekwa kuosha chupa. Babu alikuwa dereva wa lori hapo kiwandani na ndiye aliyemtafutia nafasi. Wanawake walikaa mistari miwili, maji ya moto huku, maji ya baridi kule, mikono imevimba. Hakuonja kitu. Aliosha chupa mpaka mvua mbili zikapita. Halafu msaidizi wa chumba cha kuonjea akaenda kujifungua, na Mkuu wa Maabara akaja kwenye mistari akitafuta mwanamke asiyepaka manukato. Manukato ni adui wa mwonjaji; ukiyapaka, unajinusa mwenyewe. Mkuu wa Maabara alipita ananusa hewa, akasimama kwa Bibi.

"Wewe hupaki kitu?"

"Sina hela ya kununua, mzee."

"Vizuri sana," akasema. "Njoo."

Kandida alicheka mpaka akapiga meza. "Kwa hiyo Bibi ulipata kazi kwa ufukara!"

"Kwa usafi," Bibi akasema, lakini na yeye alikuwa anacheka. Mimi pia niliona inachekesha. Nilikuwa nimefikiria maneno yale yale. Kandida akayatoa kwanza.

Ndani ya chumba cha kuonjea kulikuwa na meza nyeupe, madirisha makubwa, na watu sita. Walionja asubuhi, kabla tumbo halijapewa chakula, maana mtu aliyeshiba anasifu kila kitu. Divai waliyokuwa wanaihangaikia wakati huo ni nyekundu ya mtindo wa Bordo. Bordo ni mji wa Ufaransa, na mtindo wake ni kuchanganya zabibu za aina mbili au zaidi. Bibi anasema kaberne ndiyo mifupa, ngozi yake nene na inaleta ukakasi, ule ukavu unaokamata ulimi kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Merlo ndiyo nyama, laini. Ukishachanganya unaweka kwenye mapipa ya mti wa mwaloni, kisha kwenye chupa, kisha unasubiri miaka. Divai changa ya namna hiyo inanukia matunda. Ikizeeka matunda yanaondoka na vitu vingine vinaingia, ngozi, tumbaku, majani makavu, udongo. Rangi nayo inatoka kwenye zambarau inakwenda kwenye matofali. Chini ya chupa yanakaa mashapo, kama unga wa kahawa, ndiyo maana divai ya kale haitikiswi.

Siku ile Mkuu wa Maabara alijaza glasi, kila mtu akanusa, akaonja, akatema. Bibi akawatazama wakubwa, akisubiri waseme. Ndivyo tunavyolelewa huku. Mtoto wa kike mbele ya watu wazima anaangalia chini mpaka wamalize, na hata wakimaliza anaweza asiseme. Mkuu wa Maabara akamgeukia yeye.

"Osmunda, unanusa nini?"

Bibi akaziba mdomo kwa kitenge.

"Hapa anaanza mdogo," akasema Mkuu wa Maabara. "Ndiyo desturi ya chumba hiki. Mimi nikianza, ninyi wote mtakuwa na pua yangu, na mimi pua yangu ninayo tayari. Nakulipa kwa ajili ya yako."

"Naogopa kukosea, mzee."

"Kosea. Kukosea kunanisaidia. Kunyamaza hakunisaidii."

Bibi alipofika hapo aliniangalia mimi, siyo Kandida. Mimi niliendelea kuandika.

Masomo yetu yalikuwa hivi. Bibi alipanga vikombe juu ya meza, akavifunika kwa visahani, sisi akatufunga macho kwa kanga. Kimoja kilikuwa na jani la tumbaku, kingine kipande cha mkanda wa marehemu Babu. Kingine kilikuwa na vumbi la penseli iliyochongwa, maana divai za Bordo zilizokaa zinanukia hivyo hivyo, mti wa penseli. Kulikuwa na uyoga mkavu kutoka Mbinga na udongo wa chini ya mgomba. Alitaka tunuse na kutaja, na kila mara alisema, "Mdogo aanze. Editha?"

Nilijua. Naapa nilijua vyote. Ule mkanda niliujua kabla kikombe hakijafika puani, maana nilipokuwa mdogo Babu akinikumbatia kichwa changu kilikuwa kinafika hapo. Lakini niliposikia "Editha?" kidole changu cha mguu kilianza kuchora sakafuni, nikatabasamu kama mjinga. Bibi alisubiri. Alisubiri vizuri tu, siwezi kumlaumu. Kisha Kandida akasema, "Ngozi, Bibi. Ngozi kuukuu, ya mtu aliyetoka jasho."

"Editha?"

"Hata mimi," nikasema.

Mpaka Jumatano Kandida alikuwa amenipa jina. Tukienda ziwani kuoga anaita kutoka mbali, "Hata-Mimi! We Hata-Mimi, umesahau sabuni!" Wasichana wa Lituhi wakalidaka. Hakuliita kwa ubaya. Ndicho kilichoniudhi zaidi, kwamba Kandida hana ubaya.

Yeye alikuja amejiandaa, hilo nalo linauma. Baba yake, yaani baba yangu mkubwa, ana shamba la kahawa Mbinga, na tangu mtoto Kandida anaandamana naye kiwandani kwenye kukoboa, ambako kuna waonjaji wa kahawa. Anasema wanachota kwa kijiko, wanavuta kwa kelele, fyuuu, wanatema, wanasema neno. Kwa hiyo kwake kunusa na kusema ni kitu kimoja. Mimi nimekulia kwenye vichanja vya usipa, ambako kazi ni kuanika, kufukuza kuku na kunyamaza.

Halafu kulikuwa na suala la kutema. Bibi alipata chupa mbili za divai ya kawaida kutoka Mbinga ili tujifunze ukakasi, lakini akaniambia, "Wewe hujafika kumi na minane. Wewe ni pua tu. Glasi haifiki mdomoni, nikikuona nakuchapa na uzee wangu huu." Kwa hiyo Kandida alionja, akazungusha mdomoni, akatema kwenye beseni kwa mstari mwembamba uliokwenda moja kwa moja, kama amezaliwa anatema. Bibi akapiga makofi. Nilimwonea wivu hata kutema. Nadhani hakuna mtu mwingine ziwa hili lote aliyewahi kumwonea mwenzake wivu kwa sababu ametema.

Alhamisi Bibi alitusimulia habari ya koti, na hii naiandika kama alivyosema kwa sababu sauti yake ilibadilika.

Kiwandani alifanya kazi miaka mingi mpaka akawa mwonjaji kamili, na ndipo Meneja wa Uzalishaji akatangaza kwamba mwonjaji mmoja atapelekwa Bordo kujifunza. Walikuwa wawili waliostahili, Bibi na mwanamke mwenzake aliyekuwa akikaa kiti cha pili kutoka kwake. Meneja wa Uzalishaji alimwita Bibi ofisini. Akamtazama mgongoni.

"Osmunda, huyo mtoto ana umri gani?"

"Ananyonya bado, bwana meneja."

"Basi safari hii mwache mwenzio aende. Zitakuja nyingine."

Hazikuja. Yule mwenzake alikaa Bordo msimu mzima wa mavuno, akarudi na koti refu la sufu, rangi ya kijivu, akalivaa Dodoma kwenye jua la mwezi wa kumi. "Jasho linamtoka," Bibi alisema, "na halivui. Na kila tukionja anasema, kule Bordo tulikuwa tunafanya hivi. Mimi nikisikia neno Bordo mpaka leo naliona lile koti."

"Na mtoto mgongoni alikuwa nani?" nikauliza.

"Baba yako."

Kandida akanipiga bega. "Ona sasa! Ni ninyi!" Hata hapo, kosa likawa la upande wetu.

Kutoka Dodoma Bibi alihamia Dar es Salaam, kwenye hoteli. Kazi yake ilikuwa kutunza chumba cha chini, chenye giza na ubaridi, ambamo chupa zinalazwa ili divai iguse kizibo na kizibo kisikauke. Chupa ya kale ikiagizwa, yeye ndiye aliyeifungua na kuinusa kabla haijafika kwa mgeni, maana kuna kitu kinaitwa ugonjwa wa kizibo. Kizibo kinatoka kwenye gome la mti, na mara chache gome linakuwa na ukungu usioonekana. Divai iliyogusana nacho inakufa. Haikudhuru ukiinywa, ila matunda yote, ngozi yote, tumbaku yote inafutika, na kinachobaki ni harufu ya stoo iliyovuja.

Mara ya kwanza alipokutana nayo hotelini aliogopa kusema, kwa jinsi chupa ilivyokuwa ghali na mgeni alivyokuwa mkubwa. Meneja wa Vinywaji akamvuta pembeni. Bibi anamwigiza vizuri, na kidevu juu:

"Mama Osmunda, nina wahudumu thelathini hapa. Wote nawalipa waseme ndiyo. Wewe peke yako nakulipa useme hapana."

Niliiandika sentensi hiyo, nikapiga mstari chini yake. Niliona imekaa vizuri kwenye ukurasa. Hayo ndiyo yote niliyofanya nayo.

Siku ya kuagwa hotelini, Meneja Mkuu alimpa Bibi chupa. Bordo yenyewe, kutoka kule kule, ya mwaka ambao baba yangu alikuwa bado ananyonya. Waliitafuta makusudi. Bibi alikuja nayo Lituhi mapajani, basi kwa basi, na tangu hapo inalala kwenye mtungi uliofukiwa nusu chini ya kitanda chake, ndani ya mchanga wa ziwa ambao anaumwagia maji kila wiki. Tulikua tunajua usichezee chini ya kitanda cha Bibi. "Sikwenda Bordo," alikuwa anasema, "Bordo ikanifuata."

Ijumaa akaitoa, akaisimamisha kabatini ili mashapo yashuke, akatutangazia. Kesho saa nne tunaifungua. Na kesho hiyo hiyo atapiga simu Dodoma kutaja jina.

Usiku sikulala vizuri, sitaki kusema zaidi. Nilifanya mazoezi. Nilisema mdomoni bila sauti, ngozi, Bibi. Tumbaku, Bibi. Majani makavu. Vumbi la penseli. Niliyapanga kama majibu ya mtihani ili kesho, nikiambiwa mdogo aanze, yatoke yenyewe.

Jumamosi Bibi alivaa kitenge kipya, hakupaka mafuta, ngozi ya mikono imepauka kama siku zake za kazi. Mama alikuwepo, na Baba Paroko alialikwa kwa kuwa alituazima glasi na jagi la kioo. Aliketi akisugua mikono. "Mimi divai yangu ni ile tamu ya altareni," akasema. "Hii ya wakubwa mtanifundisha. Mama Osmunda, nikisema ni tamu nitakuwa nimekosea?"

"Utakuwa umetukana, Baba."

Tulicheka wote. Bibi akachukua kizibuo chake, kile cha chuma cha kuzungusha, akaingiza polepole. Kizibo kikatoka kizima, cheusi upande mmoja. Hakukinusa. Alikiweka mezani akageuza uso, kwa sababu hata kizibo mdogo ndiye anaanza. Akawasha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, akaanza kumimina kwenye jagi huku anatazama mwanga ukipita ndani ya divai, na mashapo yalipofika shingoni kama moshi, akasimamisha mkono. Rangi ilikuwa kama alivyotuambia, matofali pembeni, giza katikati. Akatia kwenye glasi. Akanisogezea moja.

"Mdogo aanze," akasema.

Niliinamisha pua.

Gunia. Gunia la mahindi lililolowa, likaachwa stoo mpaka chini likashika ukungu. Na boksi la madaftari lililonyeshewa. Hakukuwa na ngozi. Hakukuwa na tumbaku. Nilinusa tena, nikaenda chini zaidi nikitafuta hata penseli, gunia likanijia lote. Nilijua jina lake. Nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu, siku mbili tu zilizopita, kwa hati inayosomeka.

Niliinua macho. Bibi alikuwa amenikazia macho, midomo imefunguka kidogo, kama mtoto anayesubiri kuambiwa kama zawadi ni yake. Miaka yote ile ya kumwagia mchanga maji. Mama alinitikisia kichwa, sema. Baba Paroko alikuwa ametabasamu tayari. Na mtu wa hapa kwetu akikukaribisha kitu chake, hata kama ni uji wenye jivu, unasemaje? Unasema kitamu. Unashukuru. Hakuna mtoto Lituhi nzima aliyelelewa tofauti.

"Nzuri, Bibi," nikasema. Kwa mara ya kwanza sauti ilitoka kubwa. "Nzuri sana. Ngozi. Tumbaku, majani makavu, na... na vumbi la penseli."

"Haleluya!" akasema Baba Paroko, na Mama akapiga kigelegele kidogo, maana hakuwahi kunisikia nikisema maneno mengi hivyo mbele ya padri. Bibi alimsogezea Kandida glasi.

Kandida akanusa. Akaacha. Akanusa tena, akaonja, akatema kwenye beseni, ule mstari wake mwembamba.

"Bibi, samahani," akasema. "Imekufa. Ni kizibo."

"Kandida!" Mama akasema. "Adabu gani hiyo? Kitu ambacho Bibi yako..."

"Mwache," Bibi akasema.

Akachukua glasi yake. Alinusa muda mrefu, amefumba macho, na sisi tukimtazama. Nje kuku walikuwa wameingia kwenye usipa na hakuna aliyekwenda kuwafukuza. Alipofumbua macho aliiweka glasi chini kwa uangalifu sana, kama bado ina thamani.

"Imekufa," akasema. "Ilikuwa imekufa tangu ilipozibwa. Hata ningeifungua siku ile ile ya kuagwa, ingekuwa hivi hivi. Nimelala juu ya maiti." Kisha akacheka kidogo, kicheko kifupi. Baba Paroko hakujua aweke wapi mikono. "Kandida, lete simu yako. Utakwenda Dodoma."

Nataka kuandika nilichohisi, kwa kuwa nimeahidi kusema kweli humu. Sikumhurumia Bibi. Wakati ule ningetakiwa kumhurumia, na nilichofikiria kilikuwa kimoja. Nilinusa kwanza. Pua yangu ilifika kabla yake, glasi ilianzia kwangu, na gunia ni langu, hata neno gunia yeye hakulisema. Kandida alikuwa anaongea na Mkuu wa Mafunzo, anasema ndiyo mama, ahsante mama, na mimi nilikuwa nautazama mdomo wake nikiuchukia, mdomo tu, kwa jinsi unavyofunguka kirahisi.

Alasiri alinifuata ziwani. Hakuniita Hata-Mimi.

"Editha, kweli hukunusa?"

Nilitaka kusema nilinusa. Lakini hebu fikiria ingesikikaje. Hata mimi nilinusa. Hata mimi. Nikainama nikaosha ndoo ambayo ilikuwa safi.

"Sikunusa," nikasema.

"Pole," akasema, na alimaanisha, nikazidi kumchukia.

Kesho yake, Jumapili, niliamka kabla yao wote isipokuwa Bibi. Alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda mbele ya sufuria la uji, na kizibo kile cheusi kiko mkononi anakizungusha. Kawaida naingia na shikamoo. Safari hii nilisimama mlangoni nikasema kabla ya salamu, kabla mdomo haujapata nafasi ya kujifunga.

"Gunia la mahindi lililolowa, Bibi. Na madaftari yaliyonyeshewa. Nililinusa kabla yake."

Bibi hakushtuka. "Najua," akasema. "Nilikiona kidevu chako kikirudi nyuma. Pua haidanganyi, inarudi yenyewe."

"Sasa mbona..."

"Wewe ndiye mbona. Mbona hukusema?"

"Nilikuonea huruma."

"Ee." Alikitazama kizibo. "Kiwandani mtu akinionea huruma, pipa zima linakwenda kwa watu likiwa bovu. Hotelini mtu akinionea huruma, mgeni anakunywa stoo. Mimi nilikuwa nalipwa kwa neno hapana, Editha, umeliandika mwenyewe. Pua unayo. Nadhani unayo kuliko yeye."

Aliposema kuliko yeye moyo wangu uliruka. Naliandika tena hapa kwa sababu nataka lionekane. Kuliko yeye.

"Kwa hiyo bado anakwenda yeye?"

"Anakwenda yeye."

Nikakaa chini. Machozi yalikuja, nikayaacha. Bibi hakunibembeleza. Akasema, kama anaongea na moto, "Unajua jana nilikuwa nataka nini kwenye ile chupa? Nilidhani nikiinywa, lile koti la kijivu litanitoka. Yule mama alishafariki, Mungu amrehemu. Nyumba ninayo, wajukuu ninao, pensheni inakuja ikipenda. Kazi nimestaafu. Wivu haujastaafu. Kwa hiyo usiniulize unaisha lini, sijui."

"Mwakani wanachukua tena?"

"Wakichukua, utakuwa umefika kumi na minane. Na utakuwa umejifunza kutema."

Akachota uji kwenye kikombe, akanipa, yeye hakujichotea. Alikaa akisubiri, mikono magotini, anaangalia pembeni kama alivyogeuza uso mbele ya kizibo. Nikaelewa. Nikainamisha pua.

"Umeungua, Bibi," nikasema. "Chini. Uliusahau. Na maji ni ya jana, yamekaa kwenye ndoo ya usipa."

"Ehe," akasema Bibi, akajichotea, akanywa wote.

Kandida akatokea mlangoni, kanga kichwani, begi lake la safari tayari limefungwa ukumbini. "Shikamoo Bibi. Editha, umeamkaje? Uji vipi leo?"

Bibi aliniangalia. Nilimjazia Kandida kikombe mpaka juu, nikampa kwa mikono miwili.

"Mzuri sana, dada," nikasema.